Risala ya Wenye Steshenari wa Mwanjelwa Kuhusu Barua Taka na Utapeli wa Barua Pepe

Ndugu Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa wawakilishi wa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na wa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania,
Wamiliki na wasimamizi wa tovuti mlioitikia mwaliko wetu,
Viongozi wetu wa serikali ya mtaa,
Mabibi na mabwana,

  

  Tumekuita, Ndugu Mgeni Rasmi, kwa sababu lipo jambo linalotuumiza sisi na wateja wetu, nalo tumelivumilia mpaka limetushinda.

1. SISI NI NANI

Sisi ni wenye steshenari na vibanda vya intaneti vya Mwanjelwa, jijini Mbeya. Kazi zetu mnazijua: kutoa kopi, kuchapa barua na wasifu wa kazi, kuskani vyeti, kupiga laminesheni. Lakini kwa miaka ya karibuni sehemu kubwa ya riziki yetu imekuwa kuwasajili wananchi mtandaoni. Anayeomba kazi serikalini anapitia mfumo wa Sekretarieti ya Ajira. Anayeomba mkopo wa elimu ya juu anapitia mfumo wa HESLB. Anayetafuta namba ya mlipakodi, pasipoti au nafasi ya chuo, naye ana mfumo wake. Karibu kote huko jambo la kwanza unaloulizwa ni barua pepe.

Wengi huja hawana. Tunawafungulia hapohapo, tunawaandikia anwani kwenye kikaratasi, tunawasisitizia wakitunze. Anwani nyingi za mtaa huu zimefunguliwa mezani kwetu, na zikiharibika hurudishwa mezani kwetu. Ndiyo maana tumeona tunalo la kusema.

Hoja yetu ni moja. Mwananchi anapojaza anwani yake kwenye tovuti, ameiweka amana. Aliyepokea amana ndiye mwenye wajibu wa kuilinda, na ikipotea ndiye wa kuulizwa. Leo mambo yamegeuzwa. Aliyeigawa anwani haulizwi, aliyeiuza haulizwi, aliyeiacha ikaibiwa haulizwi. Anayesemeshwa ni mwenye anwani peke yake, naye huambiwa maneno mawili tu: "Kuwa makini." Tumechoka kuwaambia watu wetu maneno hayo kana kwamba wao ndio waliokosa.

2. HALI ILIVYO

Ndugu Mgeni Rasmi, tunaomba tukueleze visa viwili tulivyovishuhudia. Wahusika wametukubalia tuviseme bila kutaja majina yao.

Kijana mmoja mwenye stashahada ya uuguzi alikuja kufunguliwa barua pepe ili aombe kazi. Tulipomaliza maombi ya serikalini, akaomba tumsajili pia kwenye tovuti moja binafsi ya matangazo ya ajira. Kabla hajaona hata tangazo moja, fomu ilimdai jina kamili, simu, tarehe ya kuzaliwa, dini, hali ya ndoa, namba ya kitambulisho cha taifa na mshahara anaoutarajia. Tukajaza, maana bila kujaza ukurasa hausogei. Aliporudi kuangalia kama ameitwa kwenye usaili, alikuta kikasha kimefurika: mikopo ya haraka, kubashiri mechi, dawa za nguvu, kozi za sarafu za kidijiti, ufadhili wa masomo Canada. Katikati ya rundo hilo palikuwa na barua moja yenye adabu nyingi. Ilimtaja kwa majina yake matatu, ikataja taaluma yake, ikampongeza kwa kuchaguliwa kwenda kwenye usaili wa hospitali, ikamtaka abofye kiungo athibitishe taarifa zake kisha alipie vipimo vya afya.

Tuliisoma barua ile pamoja naye, mstari kwa mstari. Jina la mtumaji lilikuwa la taasisi ya serikali, lakini ulipoligusa, nyuma yake ikatokea anwani ya huduma ya bure, herufi na tarakimu zilizopangwa ovyo. Kiungo kilikuwa na "go.tz" mwanzoni, na hapo ndipo jicho la mwombaji lingetulia, lakini ukikifuata hadi mwisho wa jina la tovuti, kinaishia na ".com". Tena fedha zilitakiwa zitumwe kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, wakati yeyote aliyewahi kulipia huduma ya serikali anajua kwamba hupewa kontroo namba ya kulipia. Kijana yule alinusurika kwa sababu aliisomea barua hiyo karibu na mtu aliyekwisha kuona nyingi za namna hiyo. Wenzake wangapi huzisoma peke yao usiku, kwenye simu ndogo isiyoonyesha anwani nzima ya mtumaji?

Mama mmoja muuza vitenge hakunusurika. Aliandikiwa kwamba kikasha chake kimejaa na kitafungwa siku hiyohiyo, aingie upya ili kukiokoa. Ukurasa uliofunguka ulifanana kwa kila kitu na ule aliouzoea. Akaandika neno lake la siri. Mwizi akaingia, akabadilisha namba ya simu ya kurejesha akaunti, na mama akawa mgeni kwenye anwani yake mwenyewe. Humo ndani mlikuwa na nakala ya kitambulisho chake, cheti cha mlipakodi, leseni ya biashara, na mawasiliano yote na wanaomletea mzigo. Siku zilizofuata, watu wake waliandikiwa kwa jina lake wakiombwa fedha. Alipoteza mtaji, akapoteza na imani ya watu, na hiyo ya pili ndiyo inayomuuma mpaka leo.

Yapo na maumivu yasiyopigiwa kelele. Akaunti ya bure ya Google ina nafasi ya gigabaiti 15, na nafasi hiyo hugawanywa kati ya barua, picha na mafaili. Matangazo yakirundikana huila nafasi hiyo, na picha zake nzito humaliza bando la mteja. Ikijaa, barua mpya hazipokelewi tena, hata ile ya kuitwa kwenye usaili. Wapo wanaogundua kwamba barua muhimu imezikwa chini ya matangazo wakati tarehe ya usaili imekwisha kupita. Mtu wa namna hiyo hajaibiwa fedha, lakini amenyang'anywa nafasi aliyoisubiri kwa miaka.

3. MALALAMIKO YETU

Kwanza, tunalalamikia tovuti kudai taarifa zisizohusika. Duka la viatu la mtandaoni linataka tarehe ya kuzaliwa. Tovuti ya matokeo ya mpira inataka namba ya simu. Kila kinachokusanywa bila sababu ni kitu cha ziada cha kuibiwa siku tovuti itakapovamiwa. Na ndicho kinachoipa barua ya kitapeli sauti ya ukweli, maana tapeli anayekujua jina, taaluma na umri hatofautiani tena na mwajiri.

Pili, tunalalamikia ridhaa ya kunyakuliwa. Chini ya fomu huwekwa kisanduku kidogo ambacho tayari kina tiki, na pembeni yake maandishi hafifu yanayosema kwamba mhusika amekubali kupokea matangazo ya tovuti na ya "washirika wake". Washirika hao hawatajwi. Mara nyingine hakuna kisanduku kabisa. Kubonyeza "Jisajili" kunahesabiwa kuwa umekubali yote. Tarehe 1 Oktoba 2019, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua katika shauri la Planet49 kwamba kisanduku kilichotiwa tiki na mwenye tovuti hakiwezi kuhesabiwa kuwa ridhaa ya mtumiaji. Hatuoni kwa nini Mtanzania astahili chini ya hapo.

Tatu, tunalalamikia anwani kupita mkono kwa mkono. Hili ndilo linalotuuma zaidi, na tumelitafutia ushahidi wenyewe. Gmail inaruhusu uongeze alama ya kujumlisha na neno lolote kabla ya alama ya @, na barua bado ikafika kwenye kikasha kilekile. Tukaanza kuwaandikia wateja anwani zenye neno la utambulisho: jina, alama ya kujumlisha, kisha "duka" kwa tovuti ya duka, "kazi" kwa tovuti ya kazi. Barua za mikopo zilipoanza kumiminika kupitia anwani yenye neno "kazi", hatukuhitaji kubahatisha zimetokea wapi, kwa kuwa mteja hakuwahi kuiandika anwani hiyo mahali pengine popote. Tuliiandikia tovuti husika tukaomba maelezo. Kimya. Na tovuti nyingi sasa zinaikataa alama hiyo na kudai kwamba barua pepe si sahihi, ingawa kanuni za kiufundi za barua pepe zinairuhusu. Kwa kuikataa wanamnyima mwananchi njia ya kumjua aliyemuuza.

Nne, tunalalamikia ugumu wa kujiondoa. Kujiunga ni kubofya mara moja. Kujitoa ni kutafuta kiungo cha rangi ya kijivu mwishoni mwa barua, kuingia kwa neno la siri ulilokwisha kusahau, kuulizwa sababu, na kuambiwa kwamba ombi lako linashughulikiwa. Tapeli naye ameuona mwanya huo. Huweka neno "Jiondoe" kwenye barua yake. Anayebofya amemthibitishia kwamba anwani inasomwa, au amepelekwa kwenye ukurasa wa kuibiwa. Hata kuifungua barua tu kunaweza kumpa taarifa mtumaji, kwa sababu matangazo mengi hubeba picha ya nukta moja isiyoonekana, ambayo huitwa kutoka kwenye seva yake pindi barua inapofunguliwa. Matokeo yake, mwananchi mwaminifu hajui tena ni kiungo kipi cha kujitoa ni salama na kipi ni mtego.

Tano, tunalalamikia uvujaji unaofichwa. Wateja wetu wa umri wa makamo wengi bado wana anwani za Yahoo. Kampuni hiyo ilivamiwa Agosti 2013. Umma ulitangaziwa Desemba 2016 kwamba akaunti zilizoguswa ni bilioni 1, na Oktoba 2017 ikasemwa kwamba ni zote bilioni 3. Katika miaka hiyo yote watu waliendelea kutumia maneno yaleyale ya siri kwenye tovuti nyingine, bila kujua kwamba wezi huchukua anwani na neno la siri vilivyovuja sehemu moja wakavijaribu kila mahali. Kama kampuni kubwa ya Marekani, yenye macho ya dunia nzima juu yake, ilichukua muda huo, tunauliza kwa uchungu: tovuti ndogo zinazokusanya vitambulisho vyetu zikivamiwa, nani atatuambia, na lini? Sisi tumekuwa tukizipima anwani za wateja kwenye huduma ya bure ya Have I Been Pwned, iliyoanzishwa na Troy Hunt wa Australia mwaka 2013. Mwananchi wa Mwanjelwa anapata habari ya kuibiwa kwake kutoka kwa mtu wa Australia, wakati aliyempa taarifa zake amenyamaza.

Sita, tunalalamikia taasisi zinazoacha majina yao yaghushiwe. Njia za kuzuia zipo na zinajulikana kwa mafundi kwa vifupisho vya SPF, DKIM na DMARC. Kwa ufupi, mwenye jina la tovuti hutangaza ni mashine zipi zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina lake, kila barua hutiwa saini ya kidijiti, na huduma zinazopokea huelekezwa kuikataa isiyotimiza masharti. Taasisi isiyoweka ulinzi huo imewaachia matapeli jina lake walitumie. Zipo pia ofisi zinazoendelea kuwaandikia wananchi kwa anwani za huduma za bure. Tutamfundishaje mteja kwamba barua ya kweli ya serikali inatoka kwenye anwani inayoishia na go.tz, ikiwa jana ameandikiwa na ofisi halali kwa anwani isiyo hiyo?

Saba, tunalalamikia kukosa pa kupeleka kilio. Kwa meseji za simu, hata mtoto wa shule anajua kwamba ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" unaripotiwa 15040. Kwa barua pepe wateja wetu hawajui waanzie wapi. Huyu anaambiwa aende polisi, yule aende benki, mwingine afute tu alale. Na wengi wanapokwenda, hawapati mrejesho.

Nane, tunalalamikia lugha. Sera ya faragha ya tovuti inayouza bidhaa Mbeya, kwa watu wa Mbeya, kwa shilingi, imeandikwa kwa Kiingereza cha wanasheria, kurasa kwa kurasa. Mtu hawezi kuridhia asichokisoma.

4. SHERIA ZIPO

Ndugu Mgeni Rasmi, hatukuja kuomba sheria mpya. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 16, inampa kila mtu hifadhi ya maisha yake binafsi na ya mawasiliano yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Aprili 2024. Sheria hiyo inataka taarifa zikusanywe kwa madhumuni halali na ya wazi, zisizidi mahitaji ya madhumuni hayo, na inampa mhusika haki ya kuzuia taarifa zake zisitumike kumtangazia biashara. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inataka tangazo la biashara litumwe kwa aliyeridhia, limtaje mtumaji na kusudi lake, na limpe mpokeaji njia ya kulikataa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka huohuo inamtia hatiani anayetuma ujumbe usioombwa au kughushi utambulisho wa ujumbe kwa nia ya kutenda kosa.

Haki hizi ni zetu kwenye karatasi. Tunadai zifike mezani ambapo fomu inajazwa.

Kwamba inawezekana, mifano ipo. Meseji za utapeli zilipokithiri, nchi yetu haikuishia kuwaambia watu wawe makini. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza Mei 2019, mwananchi akapewa *106# ya kuhakiki laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, na 15040 ikatangazwa kila mahali. Kwa majirani zetu wa Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka mtunza taarifa zilizovuja amjulishe Kamishna wa Ulinzi wa Data ndani ya saa 72, na awajulishe wahusika pia. Septemba 2023 ofisi ya Kamishna huyo ilitoza faini kwa mkupuo mmoja kwa mkopeshaji wa mtandaoni, klabu ya starehe na shule, jumla shilingi 9,375,000 za Kenya, na ikatangaza hadharani. Google na Yahoo nazo, tangu Februari 2024, zinawataka watumaji wa barua nyingi wathibitishe utambulisho wao na waweke njia ya kujiondoa kwa kubofya mara moja. Kwa Google, mtumaji mkubwa ni anayepeleka barua 5,000 au zaidi kwa siku. Ikiwa kampuni binafsi zimeweza kuweka sharti hilo, dola haiwezi kushindwa.

5. MADAI YETU

Kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, tunadai yafuatayo:

(a) Fomu za usajili za tovuti zinazohudumia Watanzania zikaguliwe, kwa kuanzia na tovuti za ajira, mikopo na maduka. Kila kisanduku kinachotaka taarifa kiwe na sababu, na kisicho na sababu kiondolewe.

(b) Tiki ya awali ipigwe marufuku waziwazi. Ridhaa ya kupokea matangazo itenganishwe na usajili, na ridhaa ya kugawa anwani kwa watu wengine iombwe peke yake, majina ya hao wengine yakiwa yametajwa.

(c) Uvujaji uripotiwe kwa Tume ndani ya saa 72, na kila aliyeguswa ajulishwe moja kwa moja, kwa Kiswahili, aelezwe nini kimechukuliwa na afanye nini.

(d) Anayelalamika apewe namba ya lalamiko na tarehe ya kujibiwa. Ushahidi wa anwani yenye neno la utambulisho upokelewe kama ushahidi.

(e) Maamuzi na adhabu vitangazwe hadharani, ili anayefikiria kuuza anwani za watu aone yaliyompata mwenzake.

Kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania na Jeshi la Polisi, tunadai:

(a) Ianzishwe anwani moja fupi ya kuripoti barua za kitapeli, itangazwe redioni na kwenye meseji kama ilivyotangazwa 15040, na iunganishwe na timu ya taifa ya kushughulikia matukio ya usalama wa mtandao, TZ-CERT.

(b) Tovuti bandia zinazoiga taasisi za nchi zifuatiliwe na kuombewa kufungwa haraka, maana uhai wa tovuti ya namna hiyo huwa mfupi, na madhara yake hutokea katika saa za mwanzo.

(c) Namba za simu za kupokelea fedha zinazotajwa kwenye barua za kitapeli zifungwe na wenye nazo wasakwe. Laini zimesajiliwa kwa vidole. Mwenye kidole yupo.

Kwa wamiliki wa tovuti, tunadai:

(a) Msituombe msichokihitaji, na mwenye kutaka kusoma tu aachwe asome bila kusajiliwa.

(b) Kujiondoa kuwe kwa kubofya mara moja, bila neno la siri na bila maswali, na barua zikome.

(c) Anayefunga akaunti taarifa zake zifutwe, naye athibitishiwe kwamba zimefutwa.

(d) Mzikubali anwani zenye alama ya kujumlisha. Asiyeuza anwani hana cha kuogopa.

(e) Sera zenu za faragha ziwe kwa Kiswahili chepesi, ukurasa mmoja wa mbele ukieleza mnachukua nini, mnampa nani, na mnakaa nacho muda gani.

Kwa taasisi za umma, mabenki na vyuo, tunadai mweke ulinzi wa kuzuia majina yenu yasighushiwe, mwandike kwa anwani zenu rasmi pekee, na mzoee kumwambia mwananchi aingie mwenyewe kwenye tovuti kwa kuandika anwani yake, badala ya kumtumia viungo vya kubofya. Kila barua yenu ikumbushe kwamba hamtamuuliza mtu neno lake la siri, na kwamba malipo ya serikali ni kwa kontroo namba.

6. WAJIBU TUNAOUBEBA

Ndugu Mgeni Rasmi, anayedai haki naye awe tayari kutimiza wajibu. Sisi wa steshenari tunaahidi mbele yako kwamba mteja ataandika neno lake la siri kwa mkono wake, nasi tutageuza uso. Hatutahifadhi maneno ya siri ya wateja kwenye daftari wala kwenye kompyuta. Vyeti na vitambulisho vilivyoskaniwa vitafutwa kazi ikiisha, na akaunti itafungwa kabla mteja hajainuka kwenye kiti.

Tutawashauri wateja wawe na anwani mbili: moja ya mambo rasmi, kama kazi, mkopo na benki, ambayo haitajazwa kwenye tovuti ya duka wala ya burudani, na nyingine ya hayo mengine. Tutawawekea uthibitisho wa hatua mbili ili anayepata neno la siri peke yake asiweze kuingia. Tutawafundisha kwamba barua ya tovuti wanayoijua wajiondoe kwa njia yake, na barua ya mtu wasiyemjua wasibofye chochote ndani yake, bali waiweke alama ya taka. Na kwa kila aliyekwisha kuibiwa, tutamsaidia bure hatua za mwanzo: kubadilisha neno la siri, kuondoa vifaa asivyovijua, kuhakiki namba ya kurejesha akaunti, na kuwajulisha watu wake.

Lakini tunasema wazi kwamba juhudi zetu zina mwisho. Tunaweza kumfundisha mama muuza vitenge kusoma anwani ya mtumaji. Hatuwezi kuikagua seva ya kampuni iliyomuuza. Kazi hiyo ni yenu.

7. HITIMISHO

Wananchi waliambiwa huduma zimehamia mtandaoni, wakaitikia. Walilipa kwa bando, kwa nauli ya kuja mjini, na kwa kutoa taarifa za maisha yao kwa watu wasiowajua. Hawakuwa na hiari, maana asiyejisajili hapati kazi, mkopo wala nafasi ya chuo. Pale mtu asipokuwa na hiari ya kutoa, anayepokea ana wajibu maradufu wa kutunza.

Tunaomba tujibiwe kwa maandishi ndani ya siku 60, dai kwa dai: lipi limekubaliwa, nani atalitekeleza na kuanzia lini, lipi limekataliwa na kwa sababu gani. Majibu hayo tutayabandika kwenye milango ya steshenari zetu zote, ili kila anayekuja kujaza fomu ayasome kabla ya kuandika anwani yake.

Ndugu Mgeni Rasmi, kwa heshima kubwa, naomba kuwasilisha.

Risala hii imeandaliwa na kusomwa kwa niaba ya wenye steshenari na vibanda vya intaneti, Mwanjelwa, Mbeya.